Kasi ya Feni na Tadbiri ya Upepo katika Kompyuta ya Kujiundia

Mtu aundaye kompyuta yake mwenyewe nyumbani, akanunua kasha duka hili, bodi mama duka lile, prosesa na kadi ya picha kwa muuzaji wa tatu, kisha akaviunganisha vyote mezani pake kwa bisibisi na subira, aghalabu hukutana na swali moja mapema sana katika matumizi yake: feni hizi zizunguke kwa kasi gani? Swali huonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo manne yasiyotengana, nayo ni joto lizaliwalo, hewa ilibebayo, mahali mashine ilipo, na sikio la mtu aketiye karibu nayo. Makusudi ya makala hii ni kuyapima mambo hayo kama yalivyo katika mtaa wa Mountain View, ulioko kando ya Waiyaki Way magharibi ya jiji la Nairobi, na kudhihirisha kwamba kasi ya feni, ambayo watu huianza, haina budi kuja mwisho. Maana feni iendayo mbio mara nyingi si dawa ya joto, bali ni dalili ya kosa lililofanywa mahali pengine.

Tuanze na asili ya joto lenyewe. Umeme uingiao katika prosesa hausukumi gari wala hauinui mzigo. Hupita katika vijia vyembamba mno vya silikoni, ukahesabu kilichotakiwa kuhesabiwa, na baada ya hapo karibu wote hugeuka kuwa joto, wati kwa wati. Prosesa ya Pentium ilipotoka mwaka 1993 ilikula wati 15 hivi, na hata kiasi hicho kilitosha kuwafanya waundaji wazoee kuiwekea feni yake mahsusi juu ya mapezi ya alumini. Mwaka 2022 Intel ilitoa Core i9-13900K iliyoruhusiwa kufika wati 253, na NVIDIA ikatoa kadi ya picha ya RTX 4090 yenye kula wati 450. Muundaji wa kawaida wa Nairobi, ambaye mfuko wake una mipaka, hana haja ya kufika huko. Tuseme mashine yake, ikiwa inahariri video, au inachora ramani za majengo, au inachezewa michezo, inakula wati 300 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na kiasi hicho tukifanye kipimo chetu katika hesabu zitakazofuata.

Wala hofu ya zamani ya kuona moshi siyo hofu ya leo. Prosesa za siku hizi zina vipimajoto ndani ya mwili wake, na zikaribiapo mpaka ziliowekewa, ambao kwa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi na kwa Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 ni nyuzi 95, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kwa hiyo adhabu ya upozaji mbaya haiji kwa kishindo, bali huja kwa siri, katika kazi iliyopaswa kumalizika kabla ya chakula cha usiku ikamalizika baada yake, na katika kufupika kwa umri wa vipuri vilivyo jirani. Kapasita za elektroliti zilizomo ndani ya pawa saplai zina kanuni ijulikanayo sana na mafundi, ya kwamba joto lake lizidipo kwa nyuzi 10 umri wake hupungua kwa kadiri ya nusu. Na mtu aliyeijali prosesa peke yake, akasahau hewa ya moto iliyotuama kasha zima, huenda akaiokoa prosesa na kuiua pawa saplai.

Sasa joto hilo halina njia ya kutoka isipokuwa limebebwa na hewa, na hapa ndipo mahali mashine ilipo panapodai haki yake. Nairobi imekaa juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700 hadi 1,800, na vitongoji vya magharibi, kwa kadiri mtu apandavyo kuelekea Kangemi na Kabete, haviko chini ya hapo. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 81 au 82 ya ile ya pwani. Feni huisukuma hewa kwa ujazo, wala haijui uzito wake; lakini joto hubebwa na uzito wa hewa, wala haliujui ujazo. Kutokana na khitilafu hiyo, feni ile ile, kwa mizunguko ile ile, hubeba Nairobi joto pungufu kuliko inavyobeba Mombasa. Tufanye hesabu: kuondoa wati 300 huku hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 tu, kutoka ilipoingia hadi ilipotokea, huhitaji Mombasa lita 26 hivi za hewa kila sekunde, na Nairobi huhitaji lita 31 hivi. Mwenye kuzidanganya namba hizo, akaridhika na lita 26 Nairobi, ataona hewa ikipanda kwa nyuzi 12 badala ya 10. Fauka ya hayo, hewa nyepesi huyapoza mapezi ya kipozaji kwa ulegevu zaidi, na feni yenyewe, kwa kuwa imepunguziwa mzigo, huweza kuzunguka kwa wepesi zaidi kidogo, hata mtu akaiona namba ya mizunguko imepanda ilhali joto lililobebwa limeshuka.

Hata hivyo si insafu kuusema mwinuko kwa ubaya wake tu, kwa kuwa mkono ule ule uliotwaa ndio uliotoa. Hewa ya mchana wa Mombasa katika miezi ya joto huwa kati ya nyuzi 30 na 33, ilhali chumba cha Nairobi kwa kawaida hukaa katika nyuzi 22 au karibu yake. Kwa hiyo mtu wa Nairobi amepoteza nyuzi 2 kwa wembamba wa hewa, akapewa 8 au zaidi kwa ubaridi wake. Mtu wa Mombasa au Lamu, fauka ya joto, ana unyevu na chumvi ya bahari iingiayo pamoja na upepo na kula shaba na chuma polepole. Na mwenzao mwenye asili ya Unguja aishiye Maskati, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, anaweza kuwa na mashine iliyotulia kuliko zote, kwa kuwa chumba chake hupozwa na kiyoyozi mchana na usiku. Funzo la mlinganisho huu ni kwamba kompyuta haiijui ramani. Inaijua hewa ya chumba peke yake. Ndiyo maana mpimaji mwenye busara hasemi tu kwamba prosesa yake ina nyuzi 70. Husema ina nyuzi 48 juu ya joto la chumba, kwa kuwa namba ya kwanza hubadilika kwa saa na msimu, na ya pili hueleza hali ya upozaji wenyewe.

Misimu nayo ina sehemu yake. Julai, mawingu yakiwa yamefunika Nairobi mchana kutwa, joto la juu huishia nyuzi 21 au 22, na alfajiri hushuka karibu na 12. Februari na Machi, kabla ya masika kuanza, mchana hufika 26 hadi 28, na chumba chenye dirisha la kuelekea magharibi hupita hapo. Mtu aliyezipanga feni zake Julai, akafurahia ukimya wake, asistaajabu Februari zikianza kulalamika. Hakuna kilichoharibika, ni nyuzi 6 zilizoongezwa na jua. Upozaji hupimwa katika mwezi mgumu, wala haupimwi katika mwezi mwepesi.

Tukiisha kujua kiasi cha hewa kitakiwacho, twaweza kuiuliza feni gharama ya kukileta. Kanuni za feni ni tatu, nazo zastahili kukaririwa na kila mwenye kuunda: kiasi cha hewa hufuata kasi moja kwa moja, nguvu ya kuisukuma hewa penye kizuizi hufuata kasi iliyozidishwa kwa nafsi yake, na umeme uliwao hufuata kasi iliyozidishwa kwa nafsi yake mara mbili, yaani kipeo cha tatu. Feni iliyopunguzwa kutoka mizunguko 1,600 kwa dakika hadi 800 hutoa nusu ya hewa, robo ya msukumo, na hula sehemu moja ya nane ya umeme; na mvumo wake, kwa kadirio la wahandisi, hushuka kwa desibeli 15 hivi, tofauti iliyo dhahiri kwa kila mwenye masikio. Hutokea katika hesabu hiyo hikima kubwa: feni mbili za milimita 120, au bora zaidi 140, ziendazo polepole, hutoa hewa sawa na moja iendayo mbio, kwa sehemu ndogo ya kelele zake. Lakini hikima hiyo ina mpaka wake, nao umo katika kanuni ya pili. Maana msukumo ukishuka hadi robo, feni ya polepole iliyowekwa nyuma ya chujio zito au mbele ya mapezi yaliyosongamana huzunguka bure, ikaikoroga hewa pasipo kuipitisha. Kwa hiyo upole wa feni hununuliwa kwa uwazi wa njia, na asiye na njia hawezi kuununua kwa bei yoyote.

Na njia hiyo ndiyo kiini cha maudhui haya yote. Wajenzi wa nyumba za mawe za pwani walijua kwamba dirisha moja halileti upepo, hata likiwa kubwa namna gani, mpaka liwe na mwenziwe upande wa pili ambako hewa itatokea. Na kasha la kompyuta halina kanuni nyingine. Hewa iingie mbele na chini, ipite juu ya kadi ya picha, iifikie prosesa, na itokee nyuma na juu, ambako hewa ya moto ingependa kwenda kwa tabia yake. Kila waya uliokatiza njia hiyo ni kizuizi, kila tundu lililo jirani na feni ya kutolea ni njia ya mkato ambayo hewa huichukua bila ya kufanya kazi, na feni mbili zinazotazamana kwa uso huharibiana kazi. Makasha mengi yauzwayo kwa uzuri wake, yenye kioo mbele na taa za rangi, yameufanya wajihi kuwa mzuri na mapafu kuwa membamba. Mwenye shaka na mwendo wa hewa akumbuke kwamba kwa kawaida hewa hutokea upande wa feni wenye mikono ishikayo mota. Na akiwa na shaka bado, afukize udi kidogo mbele ya kasha na kuutazama moshi wake, nao utamwonyesha penye kuvuta, penye kusukuma, na penye kutuama.

Njia ikiisha kufunguliwa, mwenye kuipitia kwanza ni vumbi. Magharibi ya Nairobi ni nchi ya udongo mwekundu, laini na mwepesi, ambao wakati wa kiangazi huinuka kwa upepo na kwa magurudumu. Na wakazi wa Mountain View na Kangemi hawahitaji kuelezwa ni vumbi kiasi gani lililoinuliwa na upanuzi wa Waiyaki Way kutoka James Gichuru hadi Rironi. Vumbi hilo hujipanga juu ya mapezi ya kipozaji kama bitana, likazuia hewa na kulihifadhi joto, na mtu asiyejua huongeza kasi ya feni, ambayo kwa kuongezwa huvuta vumbi jingine zaidi. Tadbiri yake ni kuifanya hewa iingiayo kwa feni iwe nyingi kidogo kuliko itolewayo kwa feni, ili ndani ya kasha mbaki na msukumo wa kwenda nje, na hewa isipate kunyonywa kupitia kila ufa usio na chujio. Kisha machujio ya mbele yasafishwe mara nyingi, hasa Januari na Februari, na kasha zima lipulizwe kwa blowa kila baada ya miezi michache. Apulizaye azishike feni kwa kidole zisizunguke, kwa maana upepo wa blowa huzipeleka kwa kasi ambayo beringi zake hazikuumbiwa. Mashine isiwekwe sakafuni penye zulia. Kuinuliwa kwake hadi juu ya kijimeza ni upozaji usiogharimu hata senti.

Hapo tu ndipo inapofaa kuyazungumza maongozi ya kasi. Feni zenye pini tatu huongozwa kwa kupunguziwa volti kutoka 12, na zikipunguziwa kupita kiasi hushindwa kuanza, zikakaa kimya huku mwenyewe akidhani zimetulia. Zenye pini nne hupewa volti 12 wakati wote, na waya wa nne huzitumia ishara ikatwayo na kuungwa mara 25,000 hivi kwa sekunde, nazo hupunguza mwendo kwa kadiri ya ishara hiyo, aghalabu hadi asilimia 20 au 30 ya kasi yake bila ya kusimama. Maarifa haya yana faida mahsusi Nairobi, ambako watu wengi huanza ujenzi wao kwa mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, zikaingia nchini na kuuzwa katika maduka ya Luthuli Avenue, Moi Avenue na vichochoro vya jirani. Mashine nyingi za namna hiyo, zikiwamo za Dell na HP, zina plagi za feni za namna yake zenyewe. Na mtu aihamishaye bodi yake kuiweka katika kasha la kawaida huweza kukuta plagi haikubali, na mashine kila iwashwapo ikidai feni yake ya asili. Si kasoro ya mtu. Ni khitilafu ya vipimo, nayo huondolewa kwa waya wa kuunganishia wenye mpango unaofaa, mradi ajue kabla hajalipa.

Kasi yenyewe hupangwa ndani ya BIOS, au kwa programu kama fancontrol kwa watumiao Linux, kwa kuchora mstari unaoeleza joto fulani lipewe kasi gani. Mstari mwema kwa nyumba ya Mountain View waweza kuanzia asilimia 30 chini ya nyuzi 45, ukafika 50 kwenye nyuzi 60, 75 kwenye nyuzi 75, na 100 kwenye nyuzi 85. Lakini namba hizo ni mfano wa umbo, si sheria, na mwenye mashine atazirekebisha katika Februari yake. Jambo lililo kubwa kuliko namba ni uchelewaji. Prosesa hupanda nyuzi 15 kwa kufunguliwa ukurasa mmoja tu na kushuka mara moja, ilhali hewa ya kasha hubadilika kwa dakika. Feni ikimfuata mwenye haraka hupiga kelele na kunyamaza, kupiga kelele na kunyamaza, na sikio la binadamu, ambalo huuzoea mvumo ulio sawa hata ukalisahau, haliwezi kuyasahau mabadiliko. Feni ya prosesa na ipewe uchelewaji wa sekunde kadhaa, na feni za kasha zifuate kipimajoto cha bodi au cha kadi ya picha, vilivyo taratibu zaidi. Wala mtu asishtuke akiona feni za kadi ya picha zimesimama kabisa, kwa kuwa kadi nyingi za siku hizi huziacha zilale mpaka joto likaribie nyuzi 50 au 60.

Wako wenye rai tofauti, nao wastahili kujibiwa. Wa kwanza husema feni ziachwe ziende kwa kasi yote siku zote, kwa kuwa ubaridi haumdhuru mtu. Hao wamesahau vumbi, beringi, na jirani wa chumba, na tena wamesahau kwamba mapezi yakiisha kukaribia joto la chumba hewa ya ziada haina cha kubeba. Wa pili hufungua ubavu wa kasha na kulielekezea feni ya mezani; hiyo ni tiba ya dharura inayofaa kwa siku moja, lakini ikifanywa kuwa kaida huingiza vumbi lote la mtaa. Wa tatu hutaka upozaji wa maji, nao una nafasi yake kwa prosesa zipitazo wati 200. Lakini maji hayaliondoi joto duniani, hulihamisha tu hadi kwenye rejeta, ambako feni zile zile zatakiwa kulipuliza katika hewa ile ile nyembamba, na bomba lake, pampu yake na bei yake ni mambo matatu zaidi ya kufikiriwa.

Basi mtu ambaye mashine yake yavuma kuliko ipasavyo ana namna ya kuhukumu pasipo kununua kitu. Aifanyishe kazi nzito kwa nusu saa kasha likiwa limefungwa, aandike joto la prosesa na la chumba. Kisha aondoe ubavu wa kasha na kurudia. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kosa liko katika njia ya hewa: chujio limeziba, feni ya kuingizia haipo, au waya zimejaa mbele yake. Lisiposhuka, kosa liko kati ya prosesa na kipozaji chake: pesti ya kupitishia joto imekauka, skrubu hazikukazwa sawasawa, au kipozaji ni kidogo kuliko wati kinazopewa. Kwa kila jawabu kati ya hayo kuna dawa yake, na katika yote hayo hakuna hata moja ambalo dawa yake ya kwanza ni kuongeza mizunguko.

Mpango wa kazi, kwa hiyo, ni huu: mtu achague kwanza vipuri ambavyo wati zake zaafiki kipozaji na mfuko, afungue njia ya hewa, azuie vumbi, ahakikishe kipozaji kimeshika vyema, apime kwa kutoa joto la chumba, tena katika mwezi wa joto, na baada ya hayo yote apange kasi, akiipunguza kidogo kidogo mpaka aone joto limeanza kupanda kwa uzito, kisha arudi hatua moja. Aliyeanza na kasi atainunua kelele, atalipa umeme wake, na bado joto litabaki ndani ya kasha. Aliyemaliza na kasi ataiona feni yake ikitosheka na mwendo mdogo, si kwa sababu ameionea huruma, bali kwa sababu amekwisha kuiondolea kazi zisizokuwa zake.